Mwongozo wa Kuunganisha na Kupima Saketi kwa Vipitishi vya Mhimili Mmoja

Fundi aliyezoea solda hukwama anapotakiwa kuunganisha fleksi, yaani saketi ya plastiki nyembamba inayopinda, yenye njia mia moja kwenye ukingo wa kioo cha skrini. Kioo hakishiki solda, tabaka angavu la kupitisha umeme lililopakwa juu yake ni jembamba mno kustahimili ncha ya chuma cha kulehemu, na njia zenyewe zimekaribiana kiasi kwamba tone dogo la bati lingeunganisha tatu au nne kwa mpigo. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa vipitishi vya mhimili mmoja, yaani filamu, gundi, tepi na mipira inayopitisha umeme kutoka juu kwenda chini katika unene wake huku ikiuzuia usisambae upande kwa upande. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua kipitishi kinachofaa, kukikokotolea vipimo, kukifunga, kukikagua, na kukitumia kama daraja la muda wakati wa kupima vijenzi.

Vipitishi hivi visichanganywe na dayodi, kijenzi kinachopitisha mkondo kuelekea upande mmoja tu. Mkondo unaweza kupanda au kushuka ndani yake bila ubaguzi; kinachozuiwa ni kutembea kwa mlalo, kutoka pedi moja (kipande cha metali cha kugusishia njia) hadi pedi jirani.

Katika filamu, kila kitu kinategemea idadi ya chembe. Ndani ya resini (gundi ya plastiki inayoganda kwa joto) isiyopitisha umeme hutawanywa vijipira vya plastiki vyenye kipenyo cha mikroni 3 hadi 10 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), vilivyopakwa nikeli na juu yake dhahabu. Filamu nyingine hutumia chembe za nikeli tupu. Ni mfano wa watu waliosimama mbalimbali ndani ya ukumbi: hakuna anayemgusa mwenzake, lakini dari ikishushwa hadi kwenye vichwa vyao, kila mmoja anakuwa nguzo kati ya sakafu na dari. Chembe zikiongezwa kupita kiwango fulani huanza kushikana minyororo, na hapo filamu hupitisha umeme pande zote kama gundi ya fedha ya kawaida. Zikipunguzwa mno, baadhi ya pedi hubaki bila chembe hata moja. Mtengenezaji ameshaliamua suala hilo kiwandani. Lililobaki mikononi mwa fundi ni kuishusha dari sawasawa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jinsi ya kuishusha.

Hatua ya 1: Anza na mkondo utakaopita

Kabla ya kutazama ukubwa wa pedi, jiulize ni mkondo kiasi gani utapita katika kila njia, kwa sababu swali hilo peke yake huondoa nusu ya uwezekano.

Mpira wa milia, ambao mafundi wengi huuita zebra, hutengenezwa kwa kupanga tabaka nyembamba za silikoni zilizochanganywa na kaboni na tabaka za silikoni tupu, zikipokezana. Ndio unaokutana nao ukifungua kikokotoo, saa ya mezani au multimita ya kawaida, ukiwa umebanwa kati ya kioo cha LCD na bodi. Ukinzani wake katika kila pedi waweza kuwa mamia ya omu, hata kupita elfu moja, na mtu asiyeujua hushtuka akiupima. Hakuna sababu ya kushtuka. Kipande kimoja cha LCD ni kama kapasita ndogo na huvuta mkondo wa mikroampea chache tu. Mkondo wa mikroampea 10 ukipita katika omu 1,000 hupoteza milivolti 10, kiasi ambacho skrini haitakitambua. Ukijaribu kuwasha LED ya miliampea 20 kupitia mpira huohuo, utahitaji kupoteza volti 20 njiani, haiwezekani. Kwa kazi ya mkondo wa namna hiyo kuna mipira ya milia yenye fedha badala ya kaboni, ambayo ukinzani wake ni mdogo sana, na kuna mipira yenye nyuzi nyembamba za chuma zilizopakwa dhahabu, zilizosimama wima ndani ya karatasi ya silikoni.

Filamu ya kubandika kwa joto hukaa katikati. Kiungo kizuri cha fleksi na bodi huwa na ukinzani ulio chini ya omu moja kwa kila pedi, lakini pedi nyembamba haifai kubebeshwa mkondo mkubwa, kwa hiyo njia za umeme wa kuendesha kifaa na njia za ardhi (za kurudishia mkondo) hugawanywa katika pedi kadhaa zilizopangwa sambamba. Soma karatasi ya vipimo ya filamu uliyo nayo ili ujue kikomo chake, kisha usikikaribie.

Tepi ya kubandika kwa kidole, isiyohitaji joto, inafaa kwa kuunganisha ardhi, kukinga mwingiliano wa mawimbi, na fleksi zenye pedi kubwa zilizoachana vizuri. Inauzwa kana kwamba inafaa kila mahali, lakini kwa pedi nyembamba nisingeitumia: gundi yake haitiririki wala haigandi kama resini, na kiungo hulegea polepole kinapovutwa au kupata joto.

Hatua ya 2: Kokotoa vipimo kwenye karatasi kwanza

Vipimo vitatu vinahitajika: upana wa pedi, upana wa pengo kati ya pedi, na umbali wa vitovu, yaani kutoka katikati ya pedi moja hadi katikati ya inayofuata.

Kwa mpira wa milia kanuni ni mbili. Kila pedi iguswe na tabaka za kaboni zisizopungua mbili, na ni vema zikawa tatu. Tena unene wa tabaka moja ya kaboni uwe mdogo kuliko pengo, ili isipatikane tabaka inayogusa pedi mbili kwa pamoja. Chukua mfano wa pedi zenye upana wa milimita 0.6 na pengo la milimita 0.4. Mpira ambao tabaka zake zinajirudia kila milimita 0.18 utaweka tabaka tatu juu ya kila pedi, kwa kuwa 0.6 ukigawanya kwa 0.18 unapata 3.3. Tabaka ya kaboni ikiwa nusu ya kipimo hicho, yaani milimita 0.09, haiwezi kuvuka pengo la milimita 0.4. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuulenga mpira wenyewe kwa urefu. Hata ukisogea kushoto au kulia, tabaka nyingine zitachukua nafasi. Kinachohitaji kulengwa ni kioo na bodi tu.

Urefu wa kusimama wa mpira nao hukokotolewa. Mpira hufanya kazi ukiwa umebanwa kwa asilimia 10 hivi. Kama nafasi kati ya bodi na kioo ni milimita 5.0 baada ya skrubu zote kukazwa, gawanya 5.0 kwa 0.9, nawe utapata takriban milimita 5.6. Ukibanwa kidogo mno, mistari ya skrini hupotea kila kifaa kinapotikiswa. Ukibanwa kupita kiasi, mpira hupinda katikati, tabaka hukaa mshazari, na bodi huanza kujikunja.

Kwa filamu, hesabu muhimu ni ya unene. Filamu ikiyeyuka lazima ijaze mapengo yote kati ya njia, na ziada kidogo itokeze pembeni. Tuseme njia za fleksi zina kimo cha mikroni 18 na za bodi mikroni 35, jumla 53, na mapengo yanachukua nusu ya eneo. Resini ya kujaza mapengo hayo ni sawa na tabaka ya mikroni 26.5 iliyotandazwa eneo zima. Filamu ya mikroni 35 inatosha na kubakiza. Ya mikroni 20 itaacha matundu ya hewa, na matundu hayo huja kuingia unyevu. Kinyume chake, filamu nene kupita kiasi huhitaji kusukuma resini nyingi nje kabla pedi hazijakutana, na resini inapotoka huondoka na chembe zake.

Hatua ya 3: Kagua bodi kabla ya kufungua filamu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Weka bodi chini ya hadubini na uitazame kwa ubavu, si kwa juu pekee. Rangi ya kinga ya bodi isiwe juu kuliko pedi katika eneo la kubandikia. Ikiwa juu, fleksi itakaa juu ya rangi kama daraja na haitaifikia shaba hata ukandamize vipi. Pedi ziwe tambarare. Zile zilizopakwa nikeli na dhahabu zinafaa. Zilizochovywa kwenye solda zina mgongo wa mviringo, na chembe za mikroni chache haziwezi kufidia mwinuko huo. Pasiwe na matundu ya kuunganisha tabaka ndani ya eneo hilo, na upande wa nyuma pasiwe na kijenzi chochote, kwa maana bodi lazima ilale juu ya kitako kigumu wakati wa kukandamizwa.

Safisha sehemu zote mbili kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, ukifuta kuelekea upande mmoja. Kufuta kwa kwenda na kurudi kunarudisha uchafu ulioutoa. Acha pakauke kabisa. Alama ya kidole haionekani kwa macho lakini inatosha kuizuia resini isishike. Vaa glavu, ambazo zina kazi nyingine pia: resini ya epoksi isiyogandishwa huweza kuleta mzio wa ngozi. Ukishika chipu tupu, yaani isiyo na ganda, vaa na mkanda wa ardhi (wa kuondoa umeme tuli) mkononi.

Hatua ya 4: Toa filamu kwenye baridi kwa utaratibu

Filamu ya epoksi huhifadhiwa kwenye jokofu kwa sababu kigandishi kimo ndani yake tayari na joto la chumba hukiamsha polepole. Itoe ikiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa, uiache ifikie joto la chumba kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, ndipo ufungue. Anayefungua mfuko ukiwa bado baridi hukaribisha umande kwenye filamu, na umande huo hugeuka mvuke chini ya kichwa cha joto (sehemu ya mashine inayopashwa moto na kukandamiza) na kuacha mapovu. Andika juu ya mfuko tarehe ya kuufungua, na ukishakata kipande unachohitaji urudishe mfuko kwenye baridi.

Hatua ya 5: Bandika kwa muda

Filamu huja juu ya karatasi laini ya kuivulia. Kata kipande chenye urefu wa kufunika pedi zote na kuzidi kidogo pande zote mbili, ukilaze juu ya pedi za bodi au za kioo, upande wa gundi ukitazama chini, kisha ukikandamize kwa kichwa chenye joto la nyuzi 70 hadi 100 za Selsiasi na shinikizo dogo la megapaskali 1 hivi, kwa sekunde chache. Lengo ni kuilainisha ishike, bila kuigandisha.

Sasa vua karatasi. Ishike kwenye kona, uikunje nyuma hadi ikaribie kulala juu yake yenyewe, uivute taratibu kwa mwendo usiobadilika. Tazama mstari ambapo karatasi inaachana na filamu: filamu ikibaki chini, ina mng'ao hafifu wa kijivu uliotulia, usio na mikunjo. Ikianza kunyanyuka pamoja na karatasi, usilazimishe. Irudishe chini, ongeza joto kidogo, kandamiza tena. Povu moja dogo nje ya eneo la pedi halina madhara. Povu lililo juu ya pedi ni sababu ya kuivua yote na kuanza upya, jambo ambalo kwa hatua hii bado ni rahisi.

Hatua ya 6: Lenga kutoka katikati

Fleksi hutengenezwa kwa poliimidi, na poliimidi hutanuka kwa joto kuliko kioo. Tofauti yao ni kama sehemu 15 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Fleksi yenye upana wa milimita 40 ikipandishwa joto kwa nyuzi 100 itakizidi kioo kwa takriban milimita 0.06. Kipimo hicho kinaonekana kidogo hadi ukumbuke kwamba pedi zenyewe zaweza kuwa na upana wa milimita 0.05. Wabunifu wa fleksi nzuri huipunguza kidogo tangu mwanzo ili joto liifikishe mahali pake, kwa hiyo usishangae ukiona, kabla ya joto, njia za pembeni zimebaki ndani kidogo ya pedi zake. Linganisha njia ya katikati kwanza, kisha hakikisha kosa la kushoto na la kulia ni sawa. Anayelinganisha kuanzia ukingo mmoja hulimbikiza kosa lote upande wa pili, na huko ndiko atakakokuta shoti.

Hatua ya 7: Kandamiza kwa joto

Shinikizo linalotajwa kwenye karatasi ya vipimo si namba ya kuandika moja kwa moja kwenye mashine, kwa kuwa mashine huhesabu nguvu. Zidisha shinikizo kwa eneo. Kwa fleksi na kioo au fleksi na bodi, eneo ni lile la kichwa kinachogusa filamu: kichwa cha milimita 2 kwa 40 kina milimita za mraba 80, na shinikizo la megapaskali 3, yaani nyutoni 3 kwa kila milimita ya mraba, litadai nyutoni 240. Kwa chipu inayobandikwa moja kwa moja juu ya kioo, hesabu hufuata eneo la vinundu vya chipu (pedi zake zilizoinuka) peke yake. Chipu yenye vinundu 1,000, kila kimoja mikroni 15 kwa 100, ina eneo la mguso la milimita za mraba 1.5, kwa megapaskali 60 inahitaji nyutoni 90. Ukichanganya hesabu hizi mbili, ama utaipasua chipu ama hutaibandika.

Usawa wa kichwa na kitako uhakikishwe kila unapobadilisha kazi. Weka karatasi inayobadilika rangi kwa shinikizo mahali pa filamu, ukandamize bila joto, utazame alama: rangi iwe moja kutoka mwisho hadi mwisho. Ikiwa nzito upande mmoja, rekebisha kichwa, usiongeze nguvu. Kuongeza nguvu huponda upande ulio mzito tayari na kuuacha mwepesi karibu kama ulivyokuwa. Kati ya kichwa na fleksi huwekwa utepe mwembamba wa silikoni au wa tefloni, unaosawazisha tofauti ndogo na kuzuia resini iliyotoka isigande kwenye kichwa. Utepe huo uchakae kidogo tu, utupe.

Joto linalohesabika ni lile la ndani ya filamu. Kwa filamu nyingi za epoksi ni kati ya nyuzi 150 na 200 kwa sekunde 5 hadi 20, lakini kichwa chenyewe kitahitaji kuwa na joto zaidi, maana sehemu yake hupotea kwenye utepe, kwenye fleksi na kwenye shaba ya bodi. Chomeka waya mwembamba wa themokapo (kipimajoto cha waya) kati ya fleksi na bodi ya majaribio pamoja na filamu, ukandamize, usome kinachotokea. Bodi yenye tabaka pana la shaba chini ya pedi hunyonya joto kwa kiasi cha kushangaza, na namba zilizofaa kwa bodi jirani hazitafaa kwake.

Angalia pia kwamba ukingo wa kinga ya fleksi, yaani tabaka linalofunika njia zake, hauingii chini ya kichwa; unene wake utakiinua kichwa na kuzinyima pedi shinikizo. Na kama kichwa chako ni cha aina inayopashwa moto kwa mpigo mmoja, acha kipoe kikiwa bado kimekandamiza kabla ya kukiinua. Resini iliyo moto ni laini, na fleksi iliyopinda hujitahidi kunyooka. Ukiachia mapema, inainuka mikroni chache, na mikroni chache ndizo unene wote wa kiungo.

Hatua ya 8: Kagua kwa macho, kisha kwa mita

Kioo kinakupa nafasi ambayo bodi haikupi: unaweza kukigeuza na kutazama kiungo kwa nyuma kupitia hadubini. Kwenye kila pedi utaona vidoti, ambavyo ni alama za chembe zilizobanwa dhidi ya metali. Chembe iliyobanwa vizuri huonekana bapa na pana kuliko ilivyokuwa, na alama yake imejichora wazi. Iliyobaki duara na ndogo haikufikiwa na shinikizo. Iliyosambaratika, ukaona vipande vya ganda lake, imezidishiwa. Hesabu alama kwenye pedi za mwisho kushoto, za katikati na za mwisho kulia. Viwanda vingi hutaka zisipungue tano kwa kila pedi. Kwa fleksi yenye pedi kubwa utakuta makumi.

Kwa bodi isiyoonyesha ndani, tegemea mita. Multimita ya waya mbili haifai, kwa sababu ukinzani wa waya zake na ncha zake unaweza kuwa sawa na wa kiungo unachokipima. Tumia njia ya waya nne: waya mbili zipitishe mkondo unaojulikana, tuseme miliampea 1, na mbili nyingine zisome volteji karibu kabisa na kiungo. Ukisoma milivolti 0.5, ukinzani ni omu 0.5. Kwenye kioo kumbuka kwamba tabaka angavu lina ukinzani wake, ambao kwa kawaida ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa kiungo. Fundi asiyeutoa kwenye hesabu hulaumu filamu isiyo na kosa.

Kisha pima kinyume chake, yaani pedi na jirani yake. Usomaji uwe wa mamia ya megaomu au zaidi. Usomaji wa megaomu chache unaoshuka taratibu kadiri hewa inavyokuwa na unyevu ni dalili ya uchafu uliobaki chini ya filamu, wala si ya chembe. Shoti ya chembe hutokea ghafla na hubaki ilivyo.

Usomaji wa kwanza hautoshi. Pinda fleksi kwa upole huku mita ikisoma, na urudie kipimo kiungo kikiwa na joto. Kiungo kilichoshikwa na shinikizo bila resini kuganda vizuri hupita kipimo cha kwanza na kushindwa hiki. Kama una vipande vya majaribio, vuta kimoja kwa pembe ya nyuzi 90: mvuto wa nyutoni 5 kwa kila sentimita ya upana ni kiwango kinachotumika sana kama cha chini. Maabara huenda mbali zaidi, zikiviweka viungo kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 500 au 1,000, kwa kuwa adui mkubwa wa filamu hizi ni maji yanayoipanua resini na kuziachia chembe.

Hatua ya 9: Kutumia mpira kupima vijenzi

Katika kupima, tunataka kinyume cha kubandika: mguso mzuri utakaoachana bila alama. Karatasi ya silikoni yenye nyuzi wima, au yenye nguzo za chembe zilizopangwa kwa nguvu ya sumaku wakati mpira unaganda, huwekwa kati ya kijenzi na bodi ya kupimia. Ikilinganishwa na pini za springi, njia ya umeme ndani yake ni fupi sana, mara nyingi chini ya milimita moja, hivyo induktansi yake (ukaidi wa njia kwa mkondo unaobadilika) ni ndogo na mawimbi ya masafa ya juu hupita yakiwa safi. Tena haikwaruzi tufe za solda chini ya chipu. Udhaifu wake uko kwenye mwendo: pini husamehe tofauti kubwa ya kimo kati ya tufe na tufe, mpira husamehe kidogo.

Kokotoa nguvu hapa pia. Kila tufe likihitaji gramu 30, chipu yenye tufe 400 itahitaji mzigo wa kilo 12, na kilo 12 zikiegemea eneo dogo huipinda bodi. Funga bamba gumu la chuma chini ya bodi, likiwa na kihami juu yake. Weka vizuizi vigumu pembeni vinavyosimamisha kifuniko mpira unapofikia kina kilichotajwa na mtengenezaji; usiachie kipimo hicho mkono wa anayekaza skrubu. Baada ya kupima, fungua kifuniko. Mpira ulioachwa umebanwa usiku kucha, hasa ukiwa na joto, hubaki na kumbukumbu ya umbo hilo, na kesho yake hausukumi tena kama ilivyotakiwa.

Ukinzani ukianza kupanda kwenye tufe zilezile kwa kila chipu unayoweka, chukua hadubini utazame uso wa mpira. Kwa kawaida utakuta bati kutoka kwenye tufe limejipaka juu ya dhahabu na kupata kutu, na lina rangi ya kijivu isiyong'aa. Gusa kwa tepi ya gundi hafifu, uinue, urudie. Brashi ngumu na kemikali kali huharibu silikoni kuliko zinavyousaidia mguso.

Hatua ya 10: Kurudia kiungo kilichoshindwa

Kwanza tambua aina ya gundi. Vifaa vya zamani vina utepe wenye njia za kaboni uliobandikwa kwa gundi inayolainika kila inapopashwa joto. Mstari ukipotea kwenye skrini ya kifaa kama hicho, kukandamiza upya kwa joto la wastani mara nyingi huurudisha, ingawa si kwa muda mrefu. Filamu ya epoksi haiko hivyo. Ikishaganda haiyeyuki tena, na wanaopitisha chuma cha kulehemu juu ya fleksi ya skrini ya kisasa huishia kuichoma fleksi na kuacha kiungo kilivyokuwa.

Kwa epoksi, pasha sehemu hiyo hadi resini ilainike, uinyanyue fleksi kuanzia kona kwa mvuto wa polepole, kisha acha ipoe kabisa kabla ya kuchukua asetoni, kwani asetoni huwaka kwa urahisi na kichwa cha moto kiko karibu. Baadhi ya watengenezaji wa filamu huuza kiyeyusho mahususi kwa mabaki yake, nacho ni bora kuliko asetoni kwa resini iliyoganda sana. Lowesha, subiri dakika chache, kwangua kwa kijiti cha mti au cha plastiki kufuata mwelekeo wa njia, kamwe usikwangue kwa kuzikata, na umalizie kwa alkoholi. Tazama pedi tena kwa ubavu kama ulivyofanya mwanzo. Shaba iliyoanza kunyanyuka kwenye kingo za fleksi haitarudi chini, na fleksi hiyo ibadilishwe. Kama pedi ziko salama, rudi kwenye hatua ya 4 na kipande kipya cha filamu, na ukimaliza pima pedi zote upya, zikiwemo zile zilizokuwa nzima kabla ya marekebisho.